Kadi za besiboli ndani ya kopo la biskuti la marehemu babu, Nyakach: zilifikaje huku?

#1 · Mjukuu wa Dunga
Wadau, hamjambo. Babu tulimzika mwezi wa nne kule Nyakach, Kisumu, na juzi ndipo familia ilipopata moyo wa kufungua sanduku lake la bati. Mlikuwa na vyeti vya ubatizo, risiti za kodi, barua za kanisa, na kopo la biskuti lililofungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Ndani ya kopo nikakuta stempu za Kenya Uganda Tanzania, funguo mbili ambazo hakuna anayejua za mlango gani, na kadi kumi na moja za besiboli ya Marekani.

Babu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka akastaafu. Hakuwahi kupanda ndege. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya gari la moshi kwenda Mombasa. Besiboli sikuwahi kumsikia akiitaja. Redio yake ilikuwa ya habari, maombi na mechi za Gor Mahia, basi.

Kadi zina ukubwa wa karata, ila karatasi yake ni ngumu zaidi. Mbele kuna picha, na kando yake pote pamechorwa mbao, kama ukuta wa ubao. Nyuma ni rangi ya kijivu, kuna tarakimu nyingi na maandishi ya Kiingereza. Naomba kujua: ni za mwaka gani, zilifikaje Nyakach, na nizitunze vipi. Habari za bei ziwe za mwisho tafadhali, maana watu wa nyumbani wameshaanza kuniuliza.

#2 · Section 58
Pole kwa msiba, ndugu. Mbao na besiboli ni Topps ya 1987, ile kampuni ya Marekani ya kadi, hakuna mjadala. Mimi huku Nakuru nilikuwa nazo zaidi ya mia. Seti nzima ina kadi 792 na zilichapwa kwa wingi wa kutisha. Kufikia miaka hiyo Mmarekani alikuwa ameshasikia kwamba kadi za utotoni mwa baba yake zinauzwa ghali, kwa hiyo kila mtu akanunua makasha na kuyaweka darini angoje utajiri. Zikabaki nyingi na safi mpaka leo, ndiyo maana hazina bei. Zilifikaje? Mitumba. Koti, mfuko, kadi.

#3 · Mzee wa Reli
Section 58, polepole kijana wangu. Topps walichora mbao mara mbili: 1987, na kabla ya hapo 1962. Seti ya 1962 ina kadi 598. Kuzitofautisha ni rahisi. Ya 1962, picha imechorwa kana kwamba ni karatasi iliyobandikwa ubaoni na pembe yake ya chini upande wa kulia imejikunja. Jina la mchezaji limeandikwa hapo penye mbao. Ya 1987 ina nembo ya timu ndani ya duara juu kushoto, na jina limo ndani ya kisanduku cha rangi chini.

Njia nyingine ni kugeuza nyuma na kutazama msimu wa mwisho uliohesabiwa. Kadi hutoka mwaka unaofuata. Ukiona 1961, una kadi ya 1962.

Mjukuu, tazama utuambie kabla watu hawajaanza kujenga nyumba juu ya mchanga. Kati ya mwaka ule na huu ni miaka 25, na Kenya ya 1962 ilikuwa bado chini ya Mwingereza.

#4 · Dada wa Bondeni
Pole sana. Ombi moja tu kabla ya mengine: usizifunge tena kwa tyubu. Mpira ukizeeka unanata na kuacha alama nyeusi pembeni, na ule mbano unakata kingo. Ziache zilale tu ndani ya bahasha safi mpaka ufikiriwe mpango mzuri zaidi.

#5 · Kibuye Jumapili
Nauza makoti ya mitumba hapo soko la Kibuye, Kisumu, mwaka wa kumi na nne huu. Nikifungua belo, kabla hata ya kuchagua kamera, yaani zile nguo bora, napapasa mifuko. Nimetoa tikiti za treni za Ujerumani, rozari, meno ya bandia, picha ya mtoto aliyevaa joho, na kadi mbili: moja ya hoki ya barafu, moja ya besiboli. Kwa hiyo Section 58 hasemi uongo. Swali langu kwake ni moja: kadi kumi na moja, zote za mbao, zitoke mifukoni mwa makoti mangapi?

#6 · Mwalimu wa Maragoli
Mulembe nyote. Kama ni za 1962 mimi sitafuti mbali. Huo ndio wakati vijana wetu walikuwa Marekani kwa masomo, kwa zile ndege alizopanga Tom Mboya. Ndege ya kwanza iliondoka Septemba 1959 na wanafunzi 81, na safari zikaendelea mpaka 1963, mamia ya vijana. Nyanza na Magharibi zilitoa wengi. Walirudi na santuri, viatu, masweta ya vyuo. Kadi kumi na moja ni uzito gani kwenye sanduku?

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mmoja wa waliotia sahihi barua ya kuchangisha nauli ya ndege ile ya kwanza alikuwa mchezaji wa besiboli: Jackie Robinson, pamoja na Harry Belafonte na Sidney Poitier. Robinson ndiye aliyevunja ubaguzi wa rangi katika ligi kuu ya besiboli mwaka 1947. Kwa hiyo kijana wa Kisumu aliyetua New York mwaka ule huenda hakujua besiboli inachezwaje, lakini jina la mchezaji mmoja alikuwa na sababu ya kulikumbuka.

#7 · K'Ogalo87
Mwalimu umegonga ndipo. Hata Obama mkubwa wa Kogelo alikuwa ndani ya ndege hiyo ya kwanza. Luo Nyanza ilikuwa na watu wake Marekani tangu zamani omera.

#8 · Mwalimu wa Maragoli
@K'Ogalo87 hapo turekebishe. Barack Obama mkubwa alikwenda Hawaii mwaka huo huo wa 1959, lakini hakuwa kati ya wale 81. Wangari Maathai ndiye aliyekwenda kwa mpango huo, mwaka 1960, akasomea Kansas.

#9 · Mjukuu wa Dunga
Nimerudi. Nimezipanga mezani juu ya kitambaa, taa ya kutosha.

Tisa zina pembe iliyojikunja. Mbili zina duara la nembo. Nyuma ya zile mbili mnatajwa 1986 kama msimu wa mwisho. Kwa hiyo Mzee wa Reli ameshinda mara tisa na Section 58 mara mbili!

Kati ya zile tisa, moja haina mchezaji. Ni orodha ya namba, kuanzia 1 hadi 88, kila jina na kisanduku chake. Mtu ametia alama ya vema kwa penseli nyekundu kwenye visanduku 31. Na moja ya wachezaji imeandikwa BOB CLEMENTE, Pittsburgh Pirates, ina namba 10 nyuma. Ina mkunjo katikati, umepita usoni kabisa. Namba 10 kwenye orodha ina vema.

Nyingine, namba 158, picha yake ni ya kijani-kijani, kama imepigwa chini ya mti. Sijui ni unyevu.

#10 · Mzee wa Reli
Kijana, kaa chini kwanza.

Bob Clemente ni Roberto Clemente wa Puerto Rico. Topps walimwandika "Bob" miaka mingi ili jina likae vizuri mdomoni mwa Mmarekani, na yeye mwenyewe alilichukia. Jina lake la kweli lilirudi kwenye kadi mwaka 1970. Alikuwa mweusi na Mlatino katika nchi iliyomdharau kwa yote mawili, na akacheza mpaka wakanyamaza. Alimaliza na mapigo 3,000 kamili. Tarehe 31 Desemba 1972 alipanda ndege iliyobeba msaada wa watu wa Nicaragua waliopigwa na tetemeko, ikaanguka baharini muda mfupi baada ya kuruka. Mwaka uliofuata wakamwingiza katika jumba la mashujaa wa besiboli bila kungoja ile miaka mitano ya kawaida.

Mimi nimekusanya kadi tangu nikiwa karani wa stesheni, nyingi ni zile zilizotiwa ndani ya pakiti za sigara za Waingereza, na Clemente wa wakati wake sijawahi kumshika mkononi. Mkunjo usikuhuzunishe. Mkunjo ni alama kwamba mtu aliibeba.

#11 · Section 58
Nakubali yangu ni mbili tu, na pole kwa haraka. Ile ya kijani lakini ni unyevu wa ziwa, hilo sina shaka. Kisumu kila kitu kinaota kuvu.

#12 · Mzee wa Reli
Hapana, hata hilo. Kadi namba 110 hadi 196 za 1962 zinajulikana kwa kutoka kiwandani za namna mbili, za rangi ya kawaida na za kijani. Wakusanyaji huzitafuta zote mbili. Namba 158 imo humo humo. Babu alikuwa anaitunza vizuri tu.

#13 · Ingwe Damu
Samahanini, najua ameomba bei ziwe mwisho, ila nimesoma kuna kadi iliuzwa dola milioni 12.6. Besiboli hiyo hiyo, Topps hiyo hiyo. Sasa hiki kopo si shamba?

#14 · Mzee wa Reli
Hiyo ni kadi ya 1952 ya mchezaji Mickey Mantle, iliuzwa Agosti 2022. Ilikuwa katika hali ambayo karibu haipatikani. Kadi za mwishomwisho za seti ile hazikununuliwa, zikakaa ghalani Brooklyn, na mwaka 1960 Topps wakazipakia kwenye tishari na kuzimwaga baharini Atlantiki. Zile zilizonunuliwa, watoto walizifunga kwenye spoku za baiskeli zilie kama pikipiki, na mama zao wakatupa zilizobaki. Uhaba ulitokea hivyo.

Kadi ya kawaida ya 1962 iliyochakaa ni dola moja, mbili, tatu. Clemente ni zaidi ya hapo kwa mbali, hata na mkunjo. Lakini si shamba. Na Mjukuu asimpe mtu yeyote wa mtandaoni "akamwangalizie".

#15 · Mulembe Kaimosi
Mmeenda Marekani kwa ndege na hali Marekani ilikuja yenyewe kwa miguu! Waquaker wa Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902. Wakajenga kinu cha kupasua mbao, shule, hospitali, chuo cha ualimu. Familia zao ziliishi pale na watoto wao, na hao watoto walitumiwa vifurushi na nyanya zao kutoka kwao. Mama yangu amekulia mpakani mwa misheni. Anakumbuka watoto wazungu wakirusha mpira na kuudaka kwa glavu kubwa ya ngozi, na wenzake wakisema hiyo ni raunda ya wavulana.

Kutoka Kaimosi hadi Kisumu ni mwendo wa asubuhi moja. Mwalimu wa Nyakach akihudhuria semina ya walimu, au mgonjwa wake akilazwa pale, anarudi na kadi. Hakuna haja ya ndege.

#16 · Mkutubi
Niongeze mlango mwingine. Walimu vijana wa Peace Corps, wale Wamarekani wa kujitolea, walianza kuja Kenya katikati ya miaka ya 1960, wengi wakapelekwa shule za mashambani. Kijana wa miaka 22 mwaka 1965 alikuwa mtoto wa kadi. Yaani alikuwa na kadi zake nyumbani, na huenda aliomba atumiwe chache awape wanafunzi zawadi, kwa sababu ni nyepesi na zina picha.

Halafu vitabu vya msaada. Nimefanya kazi maktaba ya shule huku Kakamega. Kila kontena la vitabu likifunguliwa, ndani ya kurasa mna majani makavu, picha, tikiti za mabasi, na ndiyo, kadi za wachezaji kama alama ya kurasa. Zile mbili za 1987 mimi naziweka hapo, si kwenye makoti.

#17 · Kibuye Jumapili
Mkutubi amekuja kuninyang'anya hata hizo mbili!

#18 · K'Ogalo87
Ila jamani tuseme ukweli. Mtu wa Nyakach kuweka kadi kumi na moja za Wamarekani kwenye kopo na hakuna hata mmoja wa Gor, inaniuma. 1987 hiyo hiyo ya kadi za mbao ndiyo Gor tulichukua Kombe la Washindi Afrika. Sare 2-2 kule Tunis na Espérance, sare 1-1 Nairobi, bao la ugenini likatubeba. Kadi za timu ile ziko wapi? Peter Dawo angetosha peke yake.

#19 · Ingwe Damu
Zingechapwa mngezichana mkifungwa na sisi AFC Leopards.

#20 · K'Ogalo87
Ingwe nyamaza, huu ni uzi wa mtu aliyefiwa. Tutaonana kwenye ule mwingine.

#21 · Kapsabet Mbio
Chamgei. K'Ogalo87 ana hoja kubwa kuliko utani. Nakusanya chochote cha wanariadha wetu wa zamani na ninakwama kila siku. Nchi iliyompa dunia Kipchoge Keino, dhahabu yetu ya kwanza ya Olimpiki, Mexico 1968, haijawahi kumpa mtoto kadi ya Keino ya kununua dukani pamoja na bigijii. Naishi kwa stempu na kurasa za magazeti.

#22 · Mwalimu wa Maragoli
Dhahabu ya kwanza ni Naftali Temu, mita 10,000, michezo hiyo hiyo. Keino alipata yake ya mita 1,500 siku chache baadaye, akimwacha Jim Ryun wa Marekani mbali. Na medali ya kwanza kabisa ilikuwa shaba ya Wilson Kiprugut, Tokyo 1964, mita 800. Watu humsahau Temu kwa sababu hiyo hiyo unayoilalamikia: sura yake haikukaa mfukoni mwa mtoto yeyote.

#23 · Kapsabet Mbio
Umenirekebisha sawasawa, asante. Na nakubaliana na hiyo sentensi ya mwisho kuliko yote.

#24 · Section 58
Kwenye stika za Panini tunao wachache. Panini wenyewe ni wa Modena, Italia, na albamu yao ya kwanza ya Kombe la Dunia ni ya Mexico 1970. Ya 2014 nilijaza na binamu zangu. Ukurasa wa Ubelgiji una Benteke, Origi hayumo, kwa sababu albamu ilichapwa kabla Benteke hajaumia na Divock kuitwa. Halafu Divock ndiye akawafunga Urusi dakika ya 88 pale Maracanã. Mjomba wangu, aliyemwona baba yake Divock, Mike Okoth, akiichezea Harambee Stars, alichukua kalamu akaandika ORIGI juu ya stika ya Benteke. Mkusanyaji yeyote atasema ameiharibu. Mimi siiuzi.

#25 · Dada wa Bondeni
Turudi kwa kopo. Naona mnagawana zile kadi kama urithi, tisa huku, mbili kule, kila mtu na mlango wake. Lakini zilikuwa kopo moja.

Fikirini hivi. Mtu ana kadi tisa za mbao kwa miaka mingi. Siku moja, 1988 au 1995, ndani ya kitabu au koti au mkononi mwa mwanafunzi, anaona mbili zenye mbao zilezile. Section 58 ambaye ni mkusanyaji alidhani zote ni za mwaka mmoja. Babu naye aliona undugu wake, akazichukua, akaziweka na wenzake. Huyo hakurithi kopo lililosahaulika. Alikuwa anakusanya.

#26 · Kibuye Jumapili
Dada hiyo nzuri mpaka nimeisoma mara mbili. Lakini na mimi nina watoto. Kopo likiwa ndani ya nyumba yenye wajukuu, mjukuu yeyote aliyepata kadi mbili angezitia humo kwa sababu ndipo kadi zinapokaa. Mjukuu wa Dunga, hukuwa wewe?

#27 · Mjukuu wa Dunga
Hapana, sikuwa mimi. Sanduku lilikuwa na kufuli na ufunguo aliuvaa shingoni. Lakini nina binamu wakubwa kwangu, nitauliza.

#28 · Mkutubi
Mimi bado niko kwenye ile orodha yenye vema 31. Mwaka 1962 pakiti ya senti tano ilikuwa na kadi tano na kipande cha bigijii. Kufikisha namba 31 tofauti kati ya zile 88 za kwanza unahitaji pakiti nyingi, kwa sababu zinajirudia. Aliyetia vema aliishi karibu na duka lililouza pakiti. Hilo duka halikuwa Nyakach, wala Kaimosi. Mwenyewe wa kwanza alikuwa Marekani, na alikuwa mtoto au mtu mwenye moyo wa mtoto.

#29 · Mwalimu wa Maragoli
Penseli nyekundu lakini. Nimefundisha miaka 30. Tulipewa penseli zenye ncha mbili, nyekundu huku, buluu kule, za kusahihishia. Ukiniletea karatasi yenye vema nyekundu 31 nitakuambia ni mkono wa mwalimu.

#30 · Mkutubi
Na watoto wa Marekani hawakuwa na penseli za rangi?

#31 · Mwalimu wa Maragoli
Walikuwa nazo. Mjukuu aangalie mkia wa vema. Mwalimu aliyechoka huuvuta mrefu.

#32 · Mjukuu wa Dunga
Mikia mingine ni mirefu, mingine mifupi. Nimelinganisha na daftari lake la mahudhurio na kwa kweli siwezi kuapa.

#33 · Ingwe Damu
Na kama ni nakala za juzi? Watu wanachapisha upya kadi za zamani. Peleka kwa mtu wa M-Pesa mwenye ile taa ya zambarau ya kukagulia noti. Karatasi mpya inang'aa, ya zamani haing'ai.

#34 · Mzee wa Reli
Wazo zuri, ila lina mpaka wake. Taa hiyo inasaidia kwa karatasi za kabla ya Vita vya Pili, kama kadi zangu za sigara, kwa sababu dawa ya kung'arisha karatasi ilianza kuenea baadaye. Kwa ya 1962 usiifanye hakimu peke yake. Chukua kioo cha kukuzia. Kwenye kadi ya kweli picha ni vidoto vya rangi, lakini herufi nyeusi zimejaa, kingo zake safi. Nakala iliyopigwa kutoka kwa kadi nyingine huwa na vidoto hadi ndani ya herufi. Halafu kijivu cha nyuma. Karatasi ile ni ya kukwaruza kidogo na rangi yake haiigiki kirahisi.

#35 · Dada wa Bondeni
Na utunzaji sasa, kabla hatujapotea tena. Nina uchungu na hili ndiyo maana naandika marefu.

Marehemu baba aliniachia kadi moja tu ya sigara, mwanandondi, ya kabla ya vita. Nikaipeleka saiba moja ya mjini ili itiwe plastiki "isiharibike". Ikapita kwenye mashine ya moto. Ilitoka inameta, na wiki ya pili rangi ikaanza kuinuka kama ngozi iliyoungua. Hakuna namna ya kuitoa humo. Mpaka leo nikiiona najua niliifanya mimi kwa kuipenda. Kwa hiyo: USITIE LAMINESHENI. Hata mtu akikuambia ni bure.

Nunua mifuko laini ya plastiki ya kadi, kila moja na wake, kisha uzitie kwenye makasha magumu ya plastiki. Ukikosa, bahasha za karatasi nyeupe, moja moja. Albamu za picha zile za plastiki laini yenye harufu kali ziepuke, zinanata na kula rangi. Vile vifuko vidogo vya chembechembe unavyovikuta ndani ya sanduku la viatu vipya, tia viwili ndani ya kopo, ubadilishe mara kwa mara. Kisumu mna joto na maji hewani. Usiweke sakafuni, mchwa. Usiweke karibu na jikoni, mende hupenda gundi na karatasi. Na lile kopo lenyewe usilitupe! Limefanya kazi miaka sitini.

#36 · Kibuye Jumapili
Mifuko ya kadi sina lakini yupo kijana jirani yangu sokoni anauza vifaa vya ofisi, ana ile migumu ya vitambulisho. Jumapili pita.

#37 · Kapsabet Mbio
Mzee wa Reli, swali la mtu wa mbio. Hizo tarakimu za nyuma husomwaje? Sisi tuna dakika na sekunde tu.

#38 · Mzee wa Reli
Kubwa yao ni wastani wa kupiga. Gawa mapigo yaliyofaulu kwa mara alizosimama kupiga kwa hesabu rasmi. Huandikwa kwa nafasi tatu baada ya nukta, bila sufuri mbele. Mia tatu, yaani .300, ni mtu mzuri sana: anashindwa mara saba kwa kumi na bado anaitwa bingwa.

#39 · Mjukuu wa Dunga
Wadau, nimetoka kuongea na shangazi yangu wa pili, yuko Ahero. Nimempigia kuhusu binamu, hakujua lolote kuhusu zile mbili. Lakini nilipomtajia mbao akanyamaza, kisha akacheka, kisha akalia.

Anasema babu alimfundisha yeye mwenyewe darasa la sita, kabla ya 1974, maana mwaka huo alikuwa ameshaingia sekondari. Kadi moja ilikaa ndani ya daftari la mahudhurio kama alama ya ukurasa. Ilikuwa ya mtu mweusi mwenye kofia. Siku ya kuanza desimali, babu aliigeuza, akaandika ubaoni namba kutoka nyuma yake, akawauliza: huyu akisimama mara elfu moja, atapiga mara ngapi? Shangazi anaikumbuka namba kwa sababu alichapwa kwa kuisoma vibaya, "mia tatu hamsini na moja" badala ya "nukta tatu tano moja".

Nimegeuza Clemente. Msimu wa 1961, wastani: .351.

#40 · Mwalimu wa Maragoli
Nimesimama.

#41 · Mzee wa Reli
Mwaka huo aliongoza ligi yake nzima kwa namba hiyo. Na mkunjo ule wa katikati sasa nautazama kama mkunjo wa daftari la mahudhurio.

#42 · Mulembe Kaimosi
Kabla ya 1974, mwalimu wa msingi, Nyakach. Mitumba imetoka, angalau kwa zile tisa. Kaimosi bado iko mezani. Muulize shangazi kama babu alisomea ualimu wapi.

#43 · Mwalimu wa Maragoli
Na kama alikuwa na ndugu, rafiki au mwanafunzi aliyepanda zile ndege. Aliyerudi 1963 au 1964 angekuja na kadi za 1962 hasa, si za mwaka mwingine.

#44 · Mkutubi
Na kama shule yake ilikuwa na Mmarekani wa Peace Corps. Tarehe zinakubali yote matatu.

#45 · Mjukuu wa Dunga
Shangazi anasema babu alisomea ualimu "kwa wamisheni", hakumbuki wapi. Anasema pia alikuwa na rafiki wa kalamu aliyemwandikia kwa barua zile za buluu za ndege, na hajui kama alikuwa mwanamume au mwanamke. Barua hazimo sandukuni. Kuna kabati moja bado halijafunguliwa, na ninazo funguo mbili.

#46 · Dada wa Bondeni
Rafiki wa kalamu! Na hakuna kati yetu aliyemfikiria. Zile mbili za 1987 basi, huenda bado walikuwa wanaandikiana?

#47 · Kibuye Jumapili
Au koti. Jumapili njoo na funguo tuzitazame pia, kuna fundi wa kufuli karibu na meza yangu.